Mstari Mmoja Juu ya Kosa: Tunamkumbuka Damaris Mideva

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni makelele ya sufuria mnisikilize. Leo tunamkumbuka Damaris Mideva, mwalimu wa fizikia ya majaribio, aliyezikwa Jumamosi iliyopita kwao karibu na Chavakali. Damaris Mideva. Miaka thelathini na minane. Figo ndizo zilizomwondoa. Sitawaambia alikuwa mpole. Hakuwa mpole, na angenigombeza kwa kusema hivyo.

Mwaka 2013 mawakala walizunguka kila mji wakitafuta watu wa kwenda Saudia. Wengi walichukuliwa kwa udereva, ulinzi na kazi za nyumbani. Damaris, mwenye diploma yake ya ualimu, alichukuliwa kufundisha. Kufundisha, si kufua. Shikeni hilo.

Chuo kilikuwa Riyadh, cha binafsi, cha wasichana pekee. Walisoma ushairi, historia na uchoraji, na kila mmoja, apende asipende, alipitia maabara muhula mmoja. Hawakupenda. Siku ya kwanza ya darasa moja, msichana aitwaye Jumana alimtazama Damaris kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye mwalimu, au umekuja kupangusa meza?"

"Mwalimu ni mimi," Damaris akajibu. "Meza utapangusa wewe."

Na akapangusa, huku amenuna.

Sheria ya Damaris ilikuwa moja. Kipimo kinaandikwa kwa wino, papo hapo. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kisha unaandika lililo sahihi pembeni. Hufuti. Kosa lazima libaki linasomeka. Wasichana waliichukia sheria hiyo. Mkuu wa idara, Dokta Hanadi, aliichukia zaidi, maana wazazi walitaka kuona madaftari masafi.

Likaja jaribio la jiwe na uzi. Unaning'iniza jiwe, unapima urefu wa uzi kwa rula ya mita, unapima muda wa jiwe kubembea, kisha unakokotoa mvuto wa dunia. Kitabuni jibu ni tisa nukta nane. Lakini rula za chuo kile zilikuwa zimevunjika ncha. Zilianzia sentimita ya tatu. Damaris alikuwa ameomba mpya mara nne, akajibiwa "mafi," yaani hakuna, tumia zilizopo. Basi aliyepima bila kutazama ncha, jibu lake lilizidi kumi. Aliyetazama, angeandika kwamba rula ni mbovu.

Wasichana walikuwa ishirini na wawili. Ishirini na mmoja walileta tisa nukta nane, safi kama sahani ya mgeni. Hakuna aliyeitaja rula. Walikuwa wamenakili kitabu. Jumana peke yake alilitupa daftari mezani. Kumi nukta nne, mstari mmoja juu yake. Tisa nukta nane pembeni.

"Rula yako haina ncha! Nimerudia mara sita!"

"Sita?"

"Sita! Umenipotezea asubuhi nzima."

"Hujapoteza kitu. Kaa chini."

Jumana akapata alama zote. Ishirini na mmoja wakapata sifuri. Dokta Hanadi akamwita Damaris ofisini. Orodha mpya ilikuwa mezani, wote wamefaulu, imebaki sahihi ya mwalimu tu.

"Yalla, tia sahihi. Baba zao ni watu wakubwa."

"Hawakupima, Dokta."

"Hawa ni watu wa ushairi! Nani atawauliza habari za mawe?"

"Mimi. Nimeshawauliza."

"Basi sikiliza. Ukitia sahihi, utaendelea kufundisha. Ukikataa, kafili wako ana dada Jeddah anayetaka mtu wa jikoni. Ikama yako anayo yeye. Halas, maneno yamekwisha."

Kafili, wasikilizaji, ni mwajiri aliyekudhamini. Ikama ni kibali cha kukaa nchini. Mwajiri akishakishika na kibali chako, huna pa kukimbilia.

Danson, dereva Mkenya aliyewarudisha walimu makazini kwao Al-Murabba, alijaribu kumwokoa.

"Mwalimu, si uweke sahihi tu? Ni karatasi."

"Danson, ungeendesha gari hili kwa spidomita ya uongo?"

"Hii yangu ilikufa kitambo."

"Ndiyo maana nakaa nyuma."

Danson alicheka. Damaris hakucheka. Na sahihi hakutia.

Wiki hiyo hiyo alipelekwa Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Alipika na kudeki miezi minane mpaka mkataba ukaisha. Madam, yule dada wa kafili, hakujifunza hata jina lake. Narudia: alifundisha Riyadh, akapika Jeddah, kwa sababu alikataa kuandika uongo. Jumana hakumuaga wala hakumwandikia. Asiwadanganye mtu kwamba alirudi kushukuru.

Mwaka 2015 Damaris alirudi nyumbani, akafundisha sekondari. Majirani walisema karudi na kichwa kigumu kile kile. Ni kweli. Alirudi nacho.

Sasa tufike kwenye mazishi. Shemeji yake, Nahashon, ndiye aliyeandika programu. Akachapisha nakala mia tatu: "Aliongoza idara ya fizikia Riyadh hadi mkataba wake ulipokwisha kwa heshima." Ijumaa asubuhi mama wa marehemu, Mama Selipher, alivaa miwani akasoma.

"Nahashon, nani aliongoza idara?"

"Mama, ni maneno ya matanga tu. Watu watasema alikuwa kijakazi."

"Alikuwa jikoni miezi minane. Na sababu aliniambia. Leta kalamu."

"Basi nikachapishe nyingine."

"Huchapishi. Hufuti. Mstari mmoja juu ya kosa, halafu andika. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Nahashon aliandika nakala mia tatu kwa mkono wake. Siku ya maziko mkono ule ulishindwa kushika koleo.

Ninayo nakala moja hapa studioni. Uongo wa Nahashon bado unasomeka chini ya mstari. Pembeni, kwa wino wa bluu, pameandikwa: "Alikataa kutia sahihi. Akafukuzwa."

Mama Selipher, pole. Nahashon na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe Damaris.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujarudi kwenye sufuria zako, ikumbuke karatasi ya mwisho uliyoitia sahihi. Ulipima?