Ekseli ya Mkaidi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili kuukuu, nje ya gereji ambayo mlango wake siku hizi hufunguliwa nusu tu. Hatua kumi mbele yake amesimama Mkaidi. Mkaidi ni lori dogo la porini, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ila nyuma hana magurudumu. Yuko juu ya mawe tangu ekseli yake ya nyuma ilipovunjika, masika mawili yaliyopita. Kila asubuhi watu watatu huketi pale wakamtazama, wakanywa kahawa na kumchagulia ekseli mpya. Wa kwanza ni Tope, dereva wake kwa miaka ishirini na mitatu. Wa pili ni Cheche, fundi wa kuchomelea. Wa tatu ni Daftari, karani mstaafu wa ghala. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao. Mjadala wao huwa haumaliziki, wakausogeza mpaka kesho. Lakini leo kesho haikuwepo. Mwenye kiwanja cha vyuma chakavu alikuwa ametuma ujumbe kwamba ana ekseli mbili, moja nyembamba ya lori kama Mkaidi, nyingine nene ya lori la tani saba. Akifika saa sita hajaambiwa ni ipi, anazikata zote mbili ziende kuyeyushwa. Tope alijua hazipo nyingine. Alikuwa amezitafuta mpaka soli za viatu zikamwisha. Akizikosa hizi, Mkaidi naye atakatwa.

— Nene, alisema Cheche hata kikombe hakijamfikia. Chuma kama paja la kiboko! Ile nyembamba si ndiyo iliyokuvunjikia? Unataka kuachwa na mke yuleyule mara mbili?

— Haikuvunjika kwa wembamba, alisema Tope. Siku ile nilipakia mabati na saruji pamoja.

— Na kengele ya shule, alidakia Daftari. Niliiandika kwa mkono wangu. Kengele moja, na mti wake wa kuning'inizia.

Tope aliiona ile kengele ikiyumba nyuma ya lori, ikilia yenyewe kila waliporuka shimo, na watoto wa mlimani wakiteremka mbio kuipokea. Wakati ule kijiji kizima kilijua amefika kabla hajafika. Hata chumvi yao ilipanda na Mkaidi.

— Nene ni pana, Daftari aliendelea. Nimeipima kwa shubiri. Inazidi shubiri nzima. Magurudumu ya mbele yatachimba mfereji wao, ya nyuma yatachimba wao. Gari litatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja cha mkewe.

— Nitaikata katikati niiunge.

— Ekseli? Unaikata kama muwa?

— Nimeunga vyuma wewe ukiwa unahesabu magunia!

— Haya, na hesabu ya difu? Daftari alisogea mbele, maana hapa ndipo alipopapenda. Difu, lile tumbo la gia lililo katikati ya ekseli. Piga alama ya chaki kwenye gurudumu, lizungushe mara moja pamoja na mwenzake, uhesabu shafti imezunguka mara ngapi. Ya mbele ya Mkaidi ni mara nne na ushee. Hiyo nene ni mara sita. Ukiingiza gia ya magurudumu manne, mbele inasema twende, nyuma inasema ngoja. Giaboksi inapasuka katikati yao.

Tope aliitikia kwa kichwa. Katika yote aliyoyasikia kwenye benchi lile, hilo lilikuwa la kweli.

— Basi tunabadilisha na ya mbele, alisema Cheche.

— Na springi?

— Na springi. Na matairi makubwa ya kuendana nayo. Na matairi yakiwa makubwa, injini itachoka, kwa hiyo tunaweka injini ya lile lori la tani saba. Injini hiyo haitaingia, tunarefusha fremu. Fremu ikirefuka, tunaongeza ekseli ya tatu!

— Hapo lile daraja la huku chini litakuwa jembamba, alisema Daftari kwa utulivu. Itabidi tupanue daraja.

— Tutalipanua.

— Jamani, alisema Shangazi akiinamisha birika, mkimaliza, cha Mkaidi kitakachobaki ni nini? Honi?

Wakacheka, hata Tope. Shangazi hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wa lori, upande wa abiria.

— Mimi nilishuka kwenye ule mlango, alisema, na mwanangu wa kwanza ana siku nane. Ulinikalisha mbele, ukaenda mwendo wa konokono kilomita zote zile. Watu wa nyuma wanakutukana, wewe unawaambia kuna mgeni amelala. Sikuwa na hata hela ya kukupa.

— Alikuwa amelala kweli, alisema Tope.

— Amelala wapi! Alikuwa ananyonya.

Cheche aliona mazungumzo yanamponyoka, akayarudisha. Safari hii alitaka zile gia ndogo za ndani ya difu zichomelewe zigande pamoja, magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume sawasawa, moja lisibaki likizunguka bure kwenye matope.

— Halafu kona? aliuliza Tope. Gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Ukiyafunga pamoja, gari halikubali kupinda. Pale kwenye kona ya kijito ningekwenda nalo moja kwa moja mpaka bondeni.

Alipotaja kijito, alikunja mguu bila kujua, kama anakanyaga klachi. Ni pale ekseli ilipovunjika. Mlio aliusikia mgongoni kabla ya masikioni. Mvua ilikuwa inanyesha, na watu wa mlimani waliteremka thelathini na ushee, wakabeba mabati vichwani. Kengele waliibeba wanne. Wakamwambia, pole dereva, ukishapona tutakuona. Walisema ukishapona, kana kwamba ni yeye aliyevunjika.

Saa tano na nusu pikapu iliingia ikarudi nyuma mpaka karibu na benchi. Aliyeshuka ni binti wa mwenye kiwanja, ovaroli imekunjwa mikono, kalamu sikioni.

— Shikamooni wazee. Nimewaletea zote mbili, mchague kwa macho. Baba anakuja saa sita na mtungi wa gesi ya kukatia.

— Marahaba. Nene, alisema Cheche.

— Nyembamba, alisema Daftari.

Binti alimzunguka Mkaidi. Aliinama chini yake, akagonga fremu kwa kidole, akarudi akijifuta mikono.

— Fremu bado nzima, mmemtunza. Sasa niambieni kitu kimoja tu. Gari hili linakwenda njia gani?

Cheche aliangalia ndani ya kikombe. Daftari alianza kusafisha miwani.

— Sisi huwa tunachagua kwa njia, binti alieleza, akidhani hawajamwelewa. Njia ya matope na mzigo, ekseli nyingine. Njia nzuri, nyingine.

— Ya mlimani, alisema Tope mwishowe, sauti ndogo.

— Mlimani? Binti alitabasamu. Kule si lami tangu mwaka jana? Juzi nimepanda na pikapu hii, sikugusa hata gia ya kwanza.

Tope alikuwa amesikia habari za lami. Hakuwa amekwenda kuitazama.

— Na pale kwenye kijito, pakoje siku hizi?

— Kijito gani, mzee?

Shangazi aliweka birika chini. Tope alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Miaka ishirini na mitatu ya kukijua kijito kile, kina chake cha asubuhi na kina chake cha jioni, jiwe la kukanyagia gurudumu la kushoto. Na huyu mtoto amepita juu yake bila hata kusikia maji.

— Shusha nyembamba, alisema.

— Ya kwenda wapi sasa, kaka? Cheche aliuliza, na safari hii hakuwa anabisha.

— Sijui. Lakini ndiyo yake.

Waliishusha wanne, binti akiwemo, Shangazi akaondoa viti vidogo njiani. Ilikuwa nzito kuliko maneno yote waliyowahi kuisemea, wakaibeba hatua zote kumi hadi kwa Mkaidi. Mikono ya Tope ilijua pa kushika.

— Mtaifunga lini? aliuliza binti, akihema.

Tope alikuwa amekwisha kuvua shati. Alipiga magoti, magoti yakalia, akalala chali na kujisogeza chini ya Mkaidi mpaka ikabaki miguu tu.

— Cheche, lete jeki, sauti ilitoka chini. Daftari, njoo ushike tochi. Na usinihesabie kitu.