Mama Wasiwasi na Manowari Iliyozama Bwawani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa mavazi wa studio yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Sote humwita Mama Wasiwasi, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kwa kushona vifungo. Punde studio ikaanza kupiga filamu yake kubwa ya vita vya baharini, ile ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo watazamaji hawajaichoka mpaka leo, naye akapewa makoti ya mabaharia wote. Mwongozaji alitaka sufu nzito ili yaonekane vizuri kwenye kamera. Mama Wasiwasi aliloweka koti moja kwenye beseni, akashindwa kuliinua kwa mkono mmoja, akaenda kumweleza. Mwongozaji alicheka, akamwambia bwawa la studio si bahari.

Manowari yenyewe ilikuwa ya mbao, na ingezama mara moja tu. Siku hiyo Mama Wasiwasi alisimama ukingoni mwa bwawa, mkasi ukining'inia shingoni. Mashine ya mawimbi ikawashwa, moshi ukatanda, baruti zikalia, mabaharia wakajitupa majini. Wakaibuka mmoja mmoja wakipiga mayowe kama walivyofundishwa. Mshika usukani hakuibuka.

Wengi tulidhani ni sehemu ya igizo. Mama Wasiwasi akaingia majini na gauni lake, katikati ya picha.

"Nani kamruhusu huyo?" mwongozaji akafoka.

"Zimeni mashine. Mmoja yuko chini," akajibu bila kugeuka.

Mashine ikazimwa. Mawimbi yalichelewa kutulia. Mpiga mbizi wa studio akauchukua ule mkasi, akazama, akakata mkanda wa koti ulionaswa kwenye kamba ya manowari. Mshika usukani alilazwa sakafuni, midomo imebadilika rangi. Kifua hakikucheza. Mama Wasiwasi akamfungua kola, akawa anamwita taratibu kama anayemwamsha mtoto. Alipokohoa hatimaye, mwongozaji alikaa chini palepale kwenye maji.

Manowari ilikwisha kuzama, na tukio lile halikupigwa tena. Ndiyo maana katika filamu meli inapotelea ndani ya moshi, na watu husifu ubunifu.

Tangu hapo hakuna mwigizaji aliyegusa maji kabla Mama Wasiwasi hajamkagua mkanda, kola na viatu. Tulinung'unika sana kwamba anatuchelewesha. Mshika usukani, ambaye sasa ni babu mwenye wajukuu, hakuwahi kunung'unika.

Mama, asante kwa hofu yote uliyoibeba kwa niaba yetu. Tunakutakia afya, nyumba yenye vicheko, na asubuhi zisizo na haraka. Ila wiki ijayo tunarudi majini. Simu ikiita, tafadhali pokea.