Mama Wino na Drafti Zilizofunikwa Mabeseni

Mama Wino anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya uchaguzi. Aliingia karani mwembamba wa kupaka watu wino kidoleni. Anatoka msimamizi wa kata. Wembamba tusiuulize.

Kazi ilikuwa kuwapata hao wa kupaka. Siku ya kura, kata yetu ilikuwa inalala. Uchaguzi mmoja alileta muziki mbele ya kituo. Watu wakafurika, wakacheza mpaka ndala zikakatika, kisha wakarudi kwao bila hata kuuliza wagombea ni akina nani. Wakubwa walimcheka wiki nzima. Naye alicheka, akaenda kufikiria upya.

Mwaka jana maji yalifika shingoni. Tuliambiwa wazi: wasipofika nusu ya walioandikishwa, kituo chetu cha shule ya msingi kinafutwa, tutapigia kura ng'ambo ya mto, juu kilimani. Vijana wangefika. Bibi mshonaji, anayetembelea fimbo na hajawahi kukosa kura, asingefika.

Siku ya kura yenyewe, saa sita mchana, kituoni nzi walikuwa wengi kuliko wapiga kura. Mama Wino akatoka, akaenda kibarazani kwa fundi viatu, penye wanaume wa drafti, akawauliza wanangoja nini.

"Mama, nikiinuka tu, huyu shemeji atanihamishia kete," fundi akasema. "Namjua, kamuoa dada yangu."

"Na mimi nikitangulia," shemeji akajibu, "nitarudi nimkute na kingi tatu!"

Mwingine angewahubiria uzalendo. Mama Wino aliomba beseni. Akafunika drafti, akazungushia selotepu, wote wawili wakasaini juu yake kama mawakala wa vyama kwenye sanduku la kura. Hakuna kufungua mpaka warudi wote, wino kidoleni. Mimi, mlinzi wa geti, nikawekwa zamu. Drafti zote za kibarazani zikafunikwa; mabeseni yalipokwisha tukaazima masufuria. Mtaa wa pili wakasikia, wakaja mbio kuomba walindiwe na zao.

Mkurugenzi wa uchaguzi akateremka garini amevimba, anataka maelezo.

"Mheshimiwa," Mama Wino akasema, "sheria inakataza kununua kura. Kulinda kete haijakataza."

Mkurugenzi akarudi garini.

Jioni tulivuka nusu, tena kwa mbali. Kituo kipo palepale, na bibi mshonaji anavuka barabara tu. Fundi alifungwa na shemeji yake, anadai beseni lilimtoa mawazo.

Mama Wino, ofisi nzima tunakushukuru kwa jasho lako na vituko vyako. Afya ikukae mwilini, wajukuu wakusumbue kwa heri. Miaka yote sisi watumishi tumepiga kura kabla geti halijafunguliwa; uchaguzi ujao utapanga foleni juani kama raia wengine. Tutakuja kukutazama.