Bwana Shamba wa Kabatini

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, nje ya jengo la wafanyakazi pale Al-Murabba, Riyadh. Kila Ijumaa alasiri wanakijiwe hukaa hapo na chupa ya kahawa, wakibishana kwa sauti kuhusu mambo wasiyoyajua. Ijumaa hiyo kahawa ilimkataa Laban, dereva wa lori. Alikuwa anajiandaa kurudi Kitale kumwona binti yake ambaye hajawahi kumbeba, na kilichobaki ni saini ya kafili tu, yaani bosi anayemdhamini huku. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amegundua kwamba Victor, anayeishi naye chumbani, amepanda bangi kwenye ndoo ndani ya kabati, chini ya taa. Chumba kimeandikwa kwa jina la Laban, na nchi hii haina mchezo na bangi. Alimnyang'anya ufunguo wa kabati, akautia mfukoni.

— Leo unaing'oa, Laban alisema.

— Tulia, buda, alijibu Victor, ambaye kijiweni wanamwita Bwana Shamba. Shida ilikuwa moja tu, imegonga dari ya kabati. Nimeikunja matawi, nikayafunga na kamba za viatu. Sasa imelala poa.

— Kamba za viatu vyangu!

— Si zako ndizo ndefu?

Nahashon, aitwaye Waziri kwa ahadi zake, alishusha kikombe.

— Unakosea. Mmea unakatwa kichwa. Ukikosa kichwa, unatanuka pembeni.

— Kichwa tena? alidakia Ezekieli, Mtanzania anayejiita Dokta kwa kuwa anapiga deki hospitalini. Unataka kuua kiumbe wewe! Mmea ni kama mgonjwa, bwana. Pindua ndoo, uning'inie miguu juu, damu ishuke kwenye majani.

— Na udongo?

— Unaubana na selotepu.

— Afadhali kuukemea, Waziri alisema. Babu yangu alikuwa anakemea mahindi, yananyooka yenyewe. Lakini huu ukemewe kwa Kiarabu. Udongo ni wa huku.

Laban aliwatazama mmoja mmoja. Watu wazima wenye ndevu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuotesha kitunguu! Aliwadharau mpaka akajionea huruma kwa kukaa nao.

— Na harufu je, wataalamu?

— Mafi mushkila, hakuna shida, Victor alisema, akitanua kifua. Nachoma udi asubuhi na jioni. Room inanukia kama majlisi ya tajiri. Juzi kafili akipita ngazini alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema mashallah.

— Alisimama mlangoni kwetu?

— Akanisifu hata! Eti wanaume wa chumba hiki wanajua kukaribisha wageni.

Waziri na Dokta walimpigia makofi. Laban aliinuka ubaoni. Alikuwa amekaa huku miaka ya kutosha kujua kwamba mwenye nyumba huchoma udi anapotaka mgeni ajisikie amepokewa.

— Mjinga wewe! Huo udi ni wa kukaribisha watu. Umekuwa ukimwita kafili asubuhi na jioni!

— Wee, acha kunitisha.

Hapo mlango wa jengo ukafunguka, akatoka mwanaume mgeni aliyebeba sanduku, kola ya shati ikiwa bado imenyooka kwa pasi ya nyumbani.

— Hamjambo, ndugu zangu. Naitwa Abel, nimefika leo kutoka Eldoret. Bosi ameniweka kwenye kile chumba chenye udi, anasema kina watu wa heshima. Yuko huko juu saa hii, anataka nipate pa kuweka nguo. Tafadhali, ufunguo wa lile kabati linalowaka taa ndani uko na nani?

Bwana Shamba alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Dokta. Dokta aliinamisha chupa ya kahawa kwenye kikombe, na haikutoka hata tone.

Laban aligusa mfuko wake. Dirisha la juu likafunguliwa, na kafili akaliita lile jina lililoandikwa kwenye chumba.

— Laban! Yalla!