Mlango Niliougeuza Meza

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa chama. Na wenzetu mlioshuka kutoka bara, hamjambo? Leo mwaniona nimevaa dhahabu, mwasema moyoni huyu hajui dhiki. Ngojeni.

Mwanzo wa miaka hii ya tisini nilikuwa na hoteli ndogo ufuoni na nyumba Kizingo, mtaa wa matajiri. Pesa zilinipanda kichwani, nawaambieni kweli. Nikisikia mjane wa Mji wa Kale ana shida, mbio! Namnunulia mlango wake wa nakshi kwa bei ya kutupa, nampachikia wa mbao za masanduku, kisha ule wake nauza kwa wageni. Milango mingapi? Msiniulize, naona haya.

Mmoja niliuchukua kwa bibi aliyekuwa jirani ya marehemu mama yangu. Babu yake ndiye aliyeuchonga. Huo niliupenda, sikuuza. Mwajua nilifanya nini? Niliukata kwa msumeno, shoga zangu! Nikautia miguu, nikaweka kioo juu, ukawa meza ya sebuleni. Wageni wakisifu, nami naringa kama bibi harusi.

Basi, watalii wakakatika. Hoteli ikafungwa, benki ikaniletea dalali mpaka Kizingo. Makochi yakaenda, friji ikaenda, hata mapazia. Kufika kwenye meza ile, dalali akanadi mpaka sauti ikamkauka. Hapana mtu. Mzee mmoja akasema, "Nani atanunua mlango uliochinjwa?" Watu wakacheka. Wallahi, nyumba ilipokwenda sikulia, lakini hapo nililia.

Nikakodi mkokoteni, nikaipakia meza, nikaufuata kwa miguu mpaka Mji wa Kale, mchana kweupe, watu wanatazama. Nyumbani kwa bibi, ule mlango wa masanduku niliompa ulikuwa umeshaoza chini, ameuziba kwa gunia. Nikamwambia, "Bibi, nimekurudishia mlango wako."

Akaitazama ile miguu minne. "Mwanangu, huu wataka nitambae nipite chini yake?"

Nikashindwa nicheke ama nilie. Akanishika mkono. "Ingia kwanza, ule. Ya mlango tutayasema."

Nikakaa kwake. Akanitafutia seremala, mtu wa makamo mwenye ulimi mkali. Kila asubuhi: "Tajiri, umefika? Shika msasa." Miezi saba mimi napiga msasa, vidole vinachubuka, yeye achonga vipande vya kuungia pale nilipokata. Alama ya msumeno ilibaki. Nikamwomba aipake rangi, akakataa. "Iache. Kila ukipita uione."

Siku ya kuupachika, mtaa mzima ulikuja. Bibi akatoka nje, akaniamuru nifunge, nibaki ndani. Kisha akagonga pete ya shaba ya mlango wake, akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe! Nikaitikia, "Karibu!" Akapiga tena. Mara tatu, ndugu zangu, sababu sauti ya pete ile hakuwa ameisikia tangu siku niliyoibeba. Vigelegele vilifika mpaka mtaa wa Bondeni. Utajiri wangu mimi nauhesabu kuanzia siku ile.

Walioona kazi ile wakaniletea milango yao. Karakana ikakua, nikanunua majumba mabovu nikayatengeneza, nikapangisha, alhamdulillahi pesa zikarudi, tena nyingi kuliko za kwanza. Sasa nanunua makasha, vitanda vya samadari, vile vya kale vya nakshi, na milango, kwa bei ya haki, wala siuzi hata kimoja. Watoto wa shule waja kuvitazama bure. Vijana wanaojifunza kuchonga siwatozi kitu.

Bibi, nakuona hapo mbele wacheka ndani ya buibui. Ahsante, mama yangu. Ulinilisha nami ndiye niliyekuacha na gunia mlangoni. Na yule fundi, mfikishieni salamu, ulimi wake ulininyoosha.

Nanyi nawaambieni, ukimkosea mtu usingoje mpaka upate zawadi nzuri ndipo urudi. Rudi na hicho hicho ulichokiharibu, na watu wakuone.

Na anayetaka kuona kitu cha thamani zaidi katika vyote nilivyowahi kupata, asije kwangu. Hakipo. Aende kwa bibi, apige hodi.