Mama Sponji na Kina Mama wa Benchi

Nilimwona marehemu mke wangu kwa mara ya kwanza tarehe 6 Februari 2006, aliposimama mlangoni mwa karakana yangu ya makochi akiomba mabaki ya sponji.

"Ya mto, dada?" nikamuuliza.

"Ya kifua, kaka. Wenzangu wamekatwa matiti, nawashonea mengine."

Niliinamia misumari kama mtu aliyeangusha kitu. Alicheka, akajijazia gunia mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mkulima na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya karibu na kwao, 1981 hadi 1987. Kisha alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, aliyekuwa akimfukuza kwa sababu ya maneno mengi na kumrudisha kwa sababu ya mkono wake mzuri.

Alishona sare za shule sokoni. Mwaka 2004 aliugua saratani ya titi, akatibiwa, akapona. Kule hospitali aliwaona wanawake wakija peke yao na kutoroka kabla hawajaitwa. Yeye na muuguzi mstaafu wakaanzisha kikundi cha kujitolea, kwa ajili ya wenye saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Walikaa benchi moja na mgonjwa, wakamshikia mkoba, wakamfikisha nyumbani. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kumpa mtu pole kabla hajalia mwenyewe. "Pole zikitangulia," alisema, "mtu anajiona ameshazikwa."

Matiti ya kwanza yalikuwa mepesi mno. Mwalimu mmoja alirudi amekasirika. "Fundi, nimeinua mikono kwenye kwaya, limefika shingoni!"

"Labda linataka kuimba sauti ya kwanza, mwalimu."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo alitia punje za mtama ndani ili litulie, lakini jina la Mama Sponji lilikuwa limeshamganda.

Kila wiki nilimpelekea gunia, nikalitua, nikaondoka. Siku moja alimwuliza dada yangu, "Wifi, huyu kaka yako anaposa kwa sponji?" Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, tukajaliwa binti mmoja.

Ugonjwa ulirudi Agosti mwaka jana, safari hii kwenye mifupa. Alilazwa katika wodi aliyoizoea kwa kutembelea wengine. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo msusi, mwanamke kijana, aliyetakiwa kukatwa titi. Mumewe, dereva wa lori, alimwambia akikatwa asirudi kwake. Msusi akaanza kukunja nguo zake aondoke, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba akichelewa hatapona. Marehemu hakuweza tena kuinuka, akanituma mimi nje kwa yule dereva.

Tulikaa benchini kimya, muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Mzee, wako naye alikatwa?"

"Kabla sijamwoa."

"Na ukamwoa?"

"Nilimwomba mara mbili. Mara ya kwanza sauti haikutoka."

Alicheka, akafuta macho, akaingia ndani kwa mkewe.

Niliporudi, marehemu alikuwa amelala, na tangu hapo hakuweza kusema tena. Tarehe 6 Mei msusi alifanyiwa upasuaji salama. Nilimnong'oneza marehemu habari hiyo, akanibana kidole. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei. Msusi anaendelea vizuri, na mumewe ni mmoja wa waliobeba jeneza leo.

Marehemu ameacha mume, binti, mama mzazi, kaka wawili, dada wawili, wifi yake, na kina mama wa benchi, ambao Alhamisi hii watakuwa kliniki kama kawaida. Mungu ampe pumziko jema.

Maneno yake ya mwisho kwangu ni yale aliyoniambia akinituma kwa dereva, nilipomuuliza nikamwambie nini:

"Yule ameshahubiriwa na kila mtu. Wewe huna maneno, ndiyo maana nakutuma. Nenda, baba."