Benchi la Mwisho: Maisha ya Kleofasi Petri Mkude (1958–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi ndugu zetu Waislamu mliokuja kutuzika, asalaam aleikum. Marehemu hakupenda maneno ya kupakwa rangi, kwa hiyo sisi wadogo zake tumeandika habari zake kama zilivyokuwa, hata pale zinapouma.

Kaka yetu Kleofasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Matombo, Morogoro, mtoto wa tatu wa marehemu Petri Mkude na marehemu Skolastika. Alibatizwa angali mchanga. Mama alipenda kusimulia kwamba maji yalipomwagwa mtoto huyu hakulia, alitazama juu tu, kama aliyesikia mtu anamwita.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Matombo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Darasani hakuwa hodari, tusidanganyane; hesabu zilimpiga chenga tangu la pili mpaka la saba. Ila katekisimu aliijua kuliko njia ya kwao. Alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1968 akiwa na shati la kuazima, na kwa wiki nzima alitukataza kumsukuma, eti ana mgeni ndani. Sisi tulicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alianza kazi ya utingo wa malori mwaka 1977. Mwaka 1982, lori lao la saruji likitoka Tanga, lilivunjika ekseli pale Msata. Dereva alikwenda kutafuta kipuri, akamwacha Kleofasi alinde mzigo, na kipuri kikawa hakipatikani. Jirani na lori palikuwa na mgahawa wa Mzee Salumu, na binti yake, Mardhiya, ndiye aliyekuwa akimpelekea chai. Lori lilipopona, kaka yetu hakupanda. Alibaki Msata akijifunza kuziba pancha, na kila mtu alijua si pancha iliyomweka.

Mzee Salumu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya. Alisema, "Msikitini hutaki kuingia wewe, na kanisani hataingia mwanangu nikiwa hai. Nendeni bomani, serikali haina dini." Wakafunga ndoa bomani Bagamoyo tarehe 8 Oktoba 1985. Mungu aliwajalia watoto wawili, Yunus na Fatu. Mwaka 1990 walihamia Kerege, akafungua kibanda cha pancha kando ya barabara kuu, na kwa kibanda hicho aliwalea na kuwasomesha.

Tunafika sasa kwenye jambo lililokuwa moyo wa maisha yake. Mkatoliki aliyefunga ndoa bomani tu haruhusiwi kukomunika, yaani kupokea Komunyo, na kaka yetu alilijua hilo. Mwaka 1991 alimwendea katekista wa kigango, kanisa dogo la hapo Kerege, marehemu Mzee Teodosi, kumwuliza afanye nini ili arudi mezani kwa Bwana. Mzee Teodosi akamjibu, "Mpaka mama abatizwe." Kleofasi aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kumruka katekista na kwenda kumwuliza padre, kwa malezi tuliyolelewa, ni utovu wa adabu. Na kumwomba Mardhiya aache dini ya baba yake, hilo aliapa hatalifanya. Alituambia sisi peke yetu, "Siwezi kumvua mwenzangu nguo ili mimi nivae."

Basi akakaa benchi la mwisho. Kila Jumapili, watu wakinyanyuka kwenda kukomunika, yeye alibaki amekaa, amefumba macho, akisali komunyo ya tamaa, ile ya kupokea kwa moyo tu. Zaidi ya miaka thelathini. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kutembea mpaka mbele na kufungua kinywa. Na nyumbani hakusema. Bibi Mardhiya, ambaye hakuwa akienda kanisani, aliamini mumewe anakomunika kama wenzake. Kigangoni nako watu waliamini mama huyu ndiye mgumu, kakataa. Walisengenya wee, na hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Mtu angedhani angekata tamaa na Mungu. Hakukata. Kengele ya kigango ni rimu ya lori aliyoitundika mwenyewe, na kuigonga ilikuwa kazi yake. Bibi Mardhiya akiamka kwa sala ya alfajiri humwamsha, "Baba Yunus, wenzako wameshaamka." Hutoka, akagonga rimu kwa kipande cha nondo, kisha akavua kofia na kusema kwa sauti, "Shikamoo, Baba." Halafu husimama kimya, anasikiliza. Akirudi, mkewe humchokoza akiwa jikoni.

"Kaitikia?"

"Bado."

"Basi kunywa chai. Kesho utarudi."

Siku moja dereva aliyeharibikiwa na gari aliiona rimu ile, akaanza kuifungua. Kaka yetu akamzuia. "Hiyo ina kazi."

"Kazi gani, na haina hata gari?"

"Inaita watu."

"Wanakuja?"

"Siku nyingine," akajibu, akaenda kumzibia pancha yake.

Mzee Salumu alifariki mwaka 2009. Tulidhani sasa njia imefunguka, lakini Kleofasi alisema kifo cha baba si ruhusa ya kumsumbua binti. Akaendelea kukaa alipokuwa akikaa.

Mwaka 2024 alianza kukonda na tumbo kuvimba. Hospitali waligundua saratani ya ini, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Alirudishwa nyumbani Kerege.

Tarehe 11 Novemba mwaka huu padre mgeni wa parokia, aliyekuwa akizungukia wagonjwa, alifika na kumwuliza kama angependa kukomunika. Kaka yetu akamweleza habari ya ubatizo. Padre akashangaa. "Nani alikuambia hivyo? Mama anabaki Mwislamu wake. Kinachotakiwa ni ruhusa ya askofu na yeye kukubali, basi." Bibi Mardhiya alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji. Ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza. Akaliweka bakuli chini, akasema, "Nakubali. Ningekubali hata jana. Ningekubali siku ile tunahamia hapa. Kwa nini hamkuniuliza?"

Kaka yetu aligeukia ukutani akalia, na hatukuwahi kumwona akilia.

Padre alipiga simu, ruhusa ikapatikana siku hiyohiyo, akawa tayari kuwafungisha ndoa na kumkomunisha palepale kitandani. Kleofasi akakataa. Hatumlaumu, lakini alikataa. Alisema hakusubiri miaka yote hiyo ili aje kukomunika amelala kama mwizi aliyevunjwa miguu. Ndoa kwanza, kanisani, Jumamosi, Yunus akiwa amefika kutoka Mtwara; naye atatembea mpaka mbele. Padre alimsihi, mkewe alimsihi. "Nimesubiri yote hayo," akasema, "itanishinda Jumamosi?" Jumatano na Alhamisi alifanya mazoezi, kutoka kitandani mpaka mlangoni, ameshika ukuta. Alifika.

Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, Bibi Mardhiya alimaliza sala ya alfajiri akaenda kumwamsha. Hakuamka.

Leo asubuhi jeneza lake lilibebwa kutoka mlangoni, likapita benchi la mwisho, likawekwa mbele kabisa. Hapo ndipo alipotaka kufika kwa miguu yake. Watu wakajipanga, wakapita kandokando yake kwenda kukomunika, na kwake padre hakuwa na cha kumpa ila maji ya baraka. Tungependa kuwaambia kwamba tunaiona sababu ya Mungu katika jambo hili. Hatuioni. Tumeumia, na tunaondoka hapa tumeumia.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Mardhiya binti Salumu, watoto wawili, Yunus na Fatu, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake. Bibi Mardhiya hayupo hapa kaburini, amekaa eda nyumbani kwa desturi ya kwao. Alituomba neno moja lisomwe kwa sauti, karibu na jeneza, ili mumewe asikie: "Baba Yunus, ungeniuliza."

Kengele haijapigwa tangu aliposhindwa kutoka nje. Apumzike kwa amani kaka yetu Kleofasi; na Yule aliyemwamkia kila alfajiri, sasa amwitikie.